Mwanamke Uchi Chini ya Banda la Kuku

Hapa Cherchell, pwani ya Algeria, hakuna anayechimba shimo bila kuangalia kwanza nani yuko dirishani. Zamani mfalme Juba aliujenga mji huu upya akaupa jina la Kaisari, ili bwana mkubwa wa Roma afurahi. Kujipendekeza hakukuanza leo. Roma ikaenda zake, mawe yakabaki, na mzigo ni wetu. Ukichimba shimo la mlimau, unakuta bafu la mtu. Idara ya mambo ya kale wakisikia, wanazungusha kamba, na huo mlimau utaupanda ahera.

Bi Wardia, jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta, aliyajua haya tangu akiwa bibi harusi. Alichimba pa kusimamisha nguzo ya kamba ya nguo, akakuta sakafu ya vijiwe vya rangi: samaki, zabibu, na katikati mwanamke mnene, uchi kama alivyozaliwa, anajichana nywele.

Mama mkwe akachungulia. "Mfukie huyo mshenzi kabla mwanangu hajarudi kazini!"

Wakamfukia, wakajenga banda la kuku juu yake. Wakaguzi kila walipopita walifika kwenye kinyesi, wakatazama viatu vyao, wakaaga. Bi Wardia akafiwa na mume, kuku wakazaa kuku, na yule wa chini akaendelea kujichana gizani.

Kisha mwanawe Abdelhak, mwenye kipara tayari, akapata mchumba. Hasiba ni fundi cherehani, naye si mtoto. Alisema hivi: "Bila chumba changu siolewi. Kulala sebuleni nikisikiliza mama mkwe anakoroma? Hapana."

Pa kujenga chumba palikuwa mahali pamoja tu, kwenye banda la kuku. Na Rezki, kaka yake Hasiba, anafanya kazi wapi? Idara ya mambo ya kale.

Wasiwasi nimezaliwa nao. Asubuhi waliyobomoa banda nilipanda juu ya paa kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Mara nikamwona Rezki anaingia na sururu begani, na dada yake nyuma na sinia la mikate.

"Mwanangu, njoo kwanza unywe kahawa," Bi Wardia akamwita, sauti juu.

"Baadaye, mama. Nimekuja kusaidia."

Akapiga mara ya pili tu, udongo ukaporomoka. Likatokea bega. Kisha titi.

"Vigae vya zamani vya jikoni hivyo, shemeji," Abdelhak akasema, akikuna kipara.

Rezki alipiga magoti, akapangusa kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. "Mama, unajua hiki ni kitu gani?"

"Nakijua. Malaya wa Kirumi. Amenilia uwanja ujana wangu wote."

"Itabidi nitoe taarifa."

Hasiba akaweka sinia chini. "Toa. Halafu nenda ukamwambie mkeo kwamba naishi nanyi mpaka nife. Na cherehani yangu nitaiweka chumbani kwenu."

Rezki akamtazama dada yake. Akamtazama yule wa shimoni. Jogoo akaruka ukingoni, akainua mkia, akafanya haja yake pale pale, karibu na mkono wa mtumishi wa serikali.

"Mimi naona kuku tu," Rezki akasema, akashika koleo. "Lakini msichimbe tena! Mwageni mchanga, zege lije juu. Kisiguswe hata kijiwe kimoja." Akamfukia mwenyewe, akianzia miguuni. Uso aliuacha mwisho.

Harusi ilifanyika. Kuku sasa wako kwenye paa la chumba, karibu na nguo zangu. Kila Ijumaa Rezki huja kula kuskusi, na kabla ya kukaa huvua viatu, akasimama kidogo katikati ya chumba cha dada yake.

"Kaka ananipenda kweli," Hasiba husema.

Bi Wardia hunikonyeza kutoka ng'ambo ya ukuta.

Mimi mlimau wangu nimeupanda kwenye debe.