Shule Isiyo na Likizo

Siku Mwalimu anaondoka kwenda ugenini kwenye mahafali ya dada yake, mama yake alimshika mkono akamwambia neno moja tu: "Dada yako akishavaa hilo joho, rudi naye. Masomo yakiisha, mtu hurudi kwao."

Hapo ndipo penye kazi. Dada mtu aliondoka nyumbani msichana mbichi, akaaga kwamba anakwenda kusoma. Kufika huko ugenini, maisha yakamdaka juu kwa juu. Akapata kibarua katika nyumba ya kutunzia wazee, akawaogesha, akawalisha, akawafunga vifungo, na shule akawa anaiambia kesho. Sasa kesho nayo unaijua, haina haya. Mama hakutaka kusikia habari hizo. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Mwanangu yuko masomoni." Nywele za Mama zikawa nyeupe zote, mtoto bado yuko masomoni, na majirani wakichekea pembeni: "Shule gani hiyo jamani, isiyo na likizo?"

Basi uzeeni, katika umri wa kuitwa bibi, yule dada akajiandikisha shule ya jioni ya watu wazima. Akaisoma sekondari yote kuanzia mwanzo, akafaulu, akamwita mdogo wake aje ashuhudie. Mdogo mtu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Maisha yake yote amefundisha watoto kushika penseli na kupenga kamasi, na alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wowote zaidi ya uzio wa shule yake.

Alifika na usingizi wa njia nzima machoni, na tangu hapo kila kitu akakiona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Jua la jioni la kiangazi cha huko lilikaa dirishani likakataa kwenda zake. Alilala mchana, akaamka asijue saa wala siku. Mara nyingine alisikia sauti jikoni, "Amka wewe, chai inapoa!" na kwa kitambo kizima akawa mtoto mdogo tena, yumo katika nyumba yao, dada anamhimiza wasichelewe shule. Alikuwa hataki hata kufungua macho, utamu ule usije ukamtoka.

Lakini agizo la Mama, kwamba arudi na dada, lilikuwa limemkaa kooni.

"Dada," aliita siku moja wakiwa mezani.

"Enhe?"

"Sukari iko wapi?"

"Iko mbele yako, Mwalimu. Au huko kwenu siku hizi mnatumia chumvi?"

Akacheka, akatia sukari mara mbili, na agizo akalimeza pamoja na chai.

Siku ya mahafali ukumbi wa shule ulijaa baluni mpaka darini. Wahitimu waliingia na majoho ya buluu: dereva wa lori mwenye kitambi, mama aliyembeba mwanawe mgongoni, fundi bomba aliyekuwa analia kabla hata ya kuitwa. Mtangazaji aliomba watu wasipige makofi mpaka majina yote yaishe. Wapi! Kila jina lilipokelewa kwa miluzi. Mwalimu alikaa katikati ya kelele zile, mwanga ukimwagika kutoka madirisha ya juu, akahisi kiti chake kinaelea. Alifurahi furaha ambayo hakuwa amejiandaa nayo.

Safu ya mbele ilikuwa ya viti vya magurudumu. Wazee wa ile nyumba walikuwa wameletwa wote kwa basi, mmoja amefunga tai juu ya shati la kulalia. Dada alipoitwa, walipiga fimbo zao sakafuni mpaka mtangazaji akaziba masikio. Dada akapokea cheti, akakiinua, kisha akacheza. Alicheza pale pale jukwaani, bila ngoma, kiuno na mabega, na joho likazunguka naye. Mwalimu alijikuta amesimama juu ya kiti, yeye anayewachapa watoto maneno kwa kosa hilohilo.

Baadaye wazee wakamzunguka Dada. Bibi mmoja alimshika mkono wa joho akawa hataki kuuachia. Dada alikuwa anazungumza na mtu mwingine, hata hakutazama chini, lakini mkono wake ulishuka wenyewe ukamfunga yule bibi kifungo cha sweta, kisha ukamfuta kidevu. Mwalimu aliona, na moyo ukamwambia wazi kwamba dada harudi. Ikamuuma.

Simu ikalia. Ni jirani wa nyumbani, amemshikia Mama simu. Dada akaipokea, Mwalimu akasogeza sikio.

"Umevaa?" Mama akauliza.

"Nimevaa, Mama. Nimemaliza."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Akatega sikio. "Na hao wanaopiga kelele ni akina nani?"

"Wazee wangu, Mama. Wananiita tupige picha."

"Hawana watoto?"

"Wanao. Hawaji."

Wakasikia Mama anavyopumua. Dada alifumba macho, na Mwalimu akamshika bega, maana wote wawili walijua kinachofuata: Mama atamwita nyumbani.

"Umemaliza darasa gani hasa?"

"Sekondari, Mama."

"Sekondari tu?" Mama akaguna. "Sasa ndiyo unirudie nyumbani na sekondari? Na chuo je? Si mnasema wenyewe elimu haina mwisho? Soma, mwanangu. Soma, usiwe na wasiwasi na mimi."

Dada alikaa chini sakafuni, joho na yote, akalia kwa sauti mbele za watu. Mwalimu akaichukua simu.

"Mama..."

"Wewe," Mama akasema, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka, "wewe njoo upesi. Wewe shule umemaliza."