Betri za Zahanati Hazikuibiwa

Admin, jina langu lizike kabisa, maana hapa kwetu hata mashangazi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, wa upande wa Msambweni. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini mdomo ninao, na sura msiniulize. Niliwahi kubeba paneli za sola kwenye hoteli moja Diani. Kubeba tu, kupandisha ngazi. Niliporudi kijijini nikaitwa Injinia, nami sikumkatalia mtu.

Kaunti ilipotaka kuitia sola zahanati yetu, wazee wakanituma Kwale nikasikilize kwa niaba ya kijiji. Afisa akaeleza kwamba bajeti inatosha jambo moja kati ya mawili: sola yenye betri kwa wodi ya kina mama peke yake, au sola ya jengo zima bila betri. Nilikuwa sijui betri zina kazi gani, na kuuliza nikaona haya. Nikasema, "Jengo zima." Jengo zima lina sifa, jamani.

Nyumbani mama mmoja akaniuliza, "Na usiku je, mwanangu?" Nikamjibu, "Mama, betri zaja, kila moja kama ndama wa Kinango." Watu wakacheka, wakanipigia makofi.

Mafundi walikuja, wakafunga mitambo stoo, ufunguo akaachiwa mlinzi, ambaye ni mjomba wangu, kaka wa mama. Mchana feni zazunguka mpaka raha. Jua likizama, giza. Nesi azalisha kwa tochi ya simu. Watu wakafungua stoo kutafuta wale ndama, hawakuona hata mkia. Neno likapita haraka: mlinzi ameuza betri.

Sasa mjomba akitoa salamu dukani, wanaoitika ni wachache. Juzi mwenye duka alimwambia mbele yangu, "Mzee, betri za waja wazito hata shetani angeziogopa." Mjomba akalipa sukari yake, akatoka. Mimi nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza.

Ijumaa baada ya swala watasoma halbadiri, kumwapiza mwizi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeiomba, ili asafike. Jana alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe unavijua vyuma hivi. Nisimamie siku hiyo, uwaambie mimi si mwizi." Nikamwitikia, "Usijali, mjomba."

Nikisema kweli, nitakuwa kichekesho kutoka hapa mpaka Majoreni, na mama atainamisha kichwa kwa kaka yake. Nisiposema, kisomo kitasomwa kwa mwizi ambaye hayupo, na mjomba atabaki na jina hilo mpaka kaburini. Nitukaneni mkipenda, nimestahili, ila nanyi mniongoze: nimwambie mjomba kwanza tukiwa wawili, au nisimame msikitini mbele ya wote kabla kitabu hakijafunguliwa?