Ulimi wa Fundi

Fundi anayemfunza binti yangu Nthatisi ushonaji hapa Mafeteng hubana pini midomoni, kwa hiyo husema kwa nyusi. Kitambaa chochote hukipapasa, kisha hukigusa kwa ncha ya ulimi. Mimi nilikuwa naona kinyaa. Jana Nthatisi alikuwa anakata gauni la kwanza kulishona, la mimi kuvaa kwenye harusi ya kaka yake, na kitambaa kingine cha seshweshwe sina. Mkasi umeshapanuliwa, fundi akalamba ukingo wa kitambaa, akatema pini zote.

“Weka chini! Chumvi hii ni ya kiwandani, kitambaa hakijafuliwa. Kikifuliwa kitarudi, mama yako aende harusini na gauni la mtoto!”

“Na mwili huu, fundi?”

“Ndiyo maana nimelamba, mama.”

Tulicheka hadi machozi. Jioni nikakifua na kukianika; leo nimekipima kambani, kimepungua kiganja kizima. Nikashusha pumzi, nikamkabidhi Nthatisi mkasi.