Korona ilitupata nyumba moja Molo: mimi nikapona, dada yangu hakupona

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Hata mke wangu nimemwambia juzi tu.

Mimi ni fundi wa friji, naishi mtaa wa Section 58. Kwetu ni Molo, kwa mama. Tulizaliwa wawili, mimi na dada yangu Wairimu.

Mwaka ule wa korona nilienda nyumbani kusaidia kuvuna viazi. Nilikuwa na kikohozi kidogo, nikadhani ni vumbi la Nakuru. Wairimu alinipokea stage ya matatu, akaninyang'anya begi, akaniambia nimekonda kama mtu asiye na mama.

Siku tatu tulikula sufuria moja.

Ya nne nikashindwa kusikia harufu ya kitunguu. Ya sita nilikuwa shambani na jembe, mzima kabisa. Mama naye alikohoa tu, ikaisha.

Wairimu naye akaugua, na hakuinuka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa kujitwika gunia peke yake.

Hospitalini akawekewa oksijeni. Akanitumia message: "Usimalize viazi vya kuchoma, niwekee kimoja."

Nilimwekea. Siku ya tisa akaenda.

Baada ya mazishi nilirudi Nakuru na sikwenda tena nyumbani. Miaka imepita, wakuu. Nilikuwa nampigia mama simu ya dakika mbili. Mvua imenyesha? Imenyesha. Ng'ombe? Wako sawa. Akinyamaza kidogo, mimi nasikia: ni wewe uliyemuua.

Kitu kinachonimaliza ni saa saba mchana. Wairimu alikuwa ananipigia saa hiyo kuuliza nakula nini, halafu anakitukana hicho chakula. Mpaka leo nikishika kijiko naangalia simu. Nimemkosa dada yangu vibaya sana.

Sasa, mwezi uliopita niliitwa kutengeneza freezer ya maabara moja hapa mjini. Tukingoja ipate baridi, nikamuuliza daktari wa pale, mama mmoja mpole: inakuwaje virusi vile vile, nyumba ile ile, mmoja anapona na mwingine anakufa?

Akaniambia, "Mama mmoja baba mmoja haimaanishi jeni ni zile zile. Kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Kuna watu, si wengi, wamezaliwa na hitilafu kwa jeni ya ile alarm ya mwili ya kuamsha kinga. Virusi ikiingia, alarm inachelewa kulia. Mtu kama huyo anaweza kuonekana ako sawa miaka yote, mpaka virusi mpya ikuje."

Nikakumbuka tukiwa watoto. Homa ikiingia nyumbani, mimi baada ya siku mbili nacheza mpira, Wairimu analala wiki nzima na sweta mbili.

"Lakini boss, dada yako hakupimwa," akasema. "Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa kitu kingine. Nisikudanganye."

Jumamosi nikapiga moyo konde, nikaenda Molo.

Nilimpata mama shambani. Viazi vilikuwa vimetoa maua, na wakati huo yeye hupita mstari kwa mstari akichomeka kijiti kando ya kila mmea wenye afya. Hiyo ndiyo mbegu ya msimu ujao. Mmea uliokunjika majani kwa virusi hauwekewi kijiti.

Akanipa vijiti nimshikie, kana kwamba nilikuwa hapo jana.

Nikasema, "Mum, ni mimi nilileta ile ugonjwa. Nilikuja nikikohoa."

Akasimama.

"Njoroge, mimi nilianza kukohoa kabla ufike. Nilikuwa nimetoka matanga Keringet. Nilidhani ulijua ni mimi, ndio ukaacha kukuja."

Wakuu, vijiti viliniponyoka. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alijihukumu peke yake, na kimya cha mwenzake akakifanya ushahidi.

Nilimweleza yale ya daktari, polepole. Alisikiliza akiangalia mmea mmoja uliokunjika.

"Viazi naona kwa jani," akasema. "Mtoto wangu ningeona wapi?"

Tulilia hapo kwa mistari bila aibu.

Jioni alichoma viazi vitatu. Tukala viwili. Cha tatu tulikiangalia mpaka kikapoa, halafu mama akakikata katikati, akanipa nusu.

Nilichojifunza: sijui aliyeleta virusi, na sitajua. Lakini hakuna kati yetu aliyechagua Wairimu azaliwe na mwili gani. Kama kuna mtu wa kwenu mnayeogopana kimya hivi, nenda mkaongee. Mimi nimepoteza dada, na kwa ujinga wangu karibu nimpoteze na mama.

Na wewe uliyepona na mtu wako hakupona, andika jina lake hapa chini. Nitayasoma yote.

Naanza mimi: Wairimu.