Malori Yalifika Ukurasa wa Kumi na Tisa

Iko siku moja, mwanangu unayetaka kuandika utafiti, ambayo hata nikizeeka nisahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Daktari Wafula alisimama katika ukumbi wa kanisa pale Ziwani, mbele ya sisi wahudumu wa afya wa mtaa, akasoma barua ya jarida la afya lililoukataa utafiti wetu. Mhariri alisema amefika ukurasa wa kumi na tisa bila kujua tuligundua nini. Watu wakacheka. Wafula akaninyooshea kidole: "Aliyeandika ni Mama Nafula."

Ngoja nirudi nyuma, maana mchuzi huanzia kwenye kitunguu.

Mimi niliugua kifua kikuu nikapona. Shule niliachia darasa la saba, lakini mdomo sikuuachia huko. Nikajitolea kuwa mhudumu wa afya. Wafula alikuwa akitafuta kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu wa Dandora, sisi tunaoishi kwa kuokota kwenye jaa la Nairobi, wanaacha dawa katikati, na miguu iliyozunguka ikiuliza ni hii yangu. Jibu lilikuwa wazi: zahanati inagawa dawa asubuhi, na asubuhi ndipo malori yanamwaga taka. Ukienda foleni, ukirudi jaani vya maana vimeshaokotwa na wenzako. Jirani yangu Achieng aliacha dawa hivyo hivyo. Wakubwa wa zahanati walisema utafiti ukichapishwa watafungua dirisha la jioni la kugawa dawa. Usipochapishwa, hizo ni porojo za mtaa.

Basi Wafula akaniambia, "Mama, si wewe ndiye huandikia watu historia ya marehemu? Andika hii, mimi nitapitia."

Kichwa kikavimba. Sasa wewe unajua sisi watu wa magharibi tunavyozika. Historia ya marehemu haikimbizwi. Unaanza na babu, unashuka na ukoo, ubatizo, kwaya, unashukuru chifu na wachungaji, na ugonjwa unautaja mwisho, watu wakiwa wameshalia vya kutosha. Utafiti nikauandika hivyo. Nilishukuru hata mama aliyetupikia chai. Achieng nikamweleza tangu alipobatizwa, na jina lake kamili, Mungu anisamehe. Kila penye hesabu ya walioacha dawa nikatia "ole wao." Tulivyowapata wale wagonjwa sikusema, nani huuliza msoma historia ya marehemu amejuaje? Malori yakafika ukurasa wa kumi na tisa, karibu na buriani. Wafula akatanguliza jina lake, akatuma bila kusoma.

Kicheko kilipopoa, Sista Rael, muuguzi mstaafu, akanivuta kando.

"Mama Nafula, nani amekufa?"

"Hakuna, Sista."

"Sasa mbona umemzika?"

Akaendelea: "Mimi nikikabidhi zamu wodini, mwenzangu simpi ukoo wa mgonjwa. Namwambia ameletwa kwa nini, tumempima vipi, tumeona nini, na hiyo maana yake nini. Mhariri naye anapokea zamu. Ukimchosha, anaenda nyumbani."

Niliandika upya, mwanangu, nikaenda kwa Sista mara nne, na mara zote nne alinicheka. Kwa hivyo nisikilize, usije ukachekwa kanisani.

Utangulizi uwe mfupi: tatizo ni lipi, nini hakijulikani, wewe umeuliza nini. Kisha mbinu: uliwauliza akina nani, uliwapataje, walikubali vipi, na kibali cha utafiti ulipewa na nani. Eleza hivyo hivyo, mtu mwingine aweze kurudia. Matokeo yaje makavu, bila ole. Machozi yako yangoje mjadala, na hata huko ueleze maana, useme wengine waliona nini kabla yako, ukiri na udhaifu wa kazi yako. Aliyesema mwenyewe "hapa sikufika" hakuna wa kumuumbua. Shukrani ziende nyuma, mistari miwili. Muhtasari ndio hukaa mbele, lakini uuandike mwisho, kwa sababu hutangazi ugali ukiwa bado unga. Jina la mgonjwa usilitaje kamwe. Na anayetanguliza jina lake, asome kwanza.

Mungu akupe kalamu nyepesi na mhariri aliyekunywa chai. Akuepushe na bosi wa kupitia bila kusoma.

Na wewe Daktari Wafula, najua haya yatakufikia. Karatasi mpya nilikupa mkononi, kurasa saba, malori yamo ukurasa wa kwanza kabisa. Kila nikikuuliza unasema, "Naipitia, Mama." Dirisha la jioni halijafunguliwa. Achieng ameanza dawa tena, na ameacha tena, na kikohozi chake nakisikia kupitia ukuta nikiandika hapa. Karatasi iko wapi? Usinijibu mimi. Njoo Dandora, bisha mlango wa Achieng, umjibu yeye.