Sakitu Ikitangulia, Moto Hufuata

Hapa Dubai sakitu ipo ndani ya friji tu. Tunakaa Al Qusais, mimi, binti yangu wa mwisho na mtoto wake wa kike, katika nyumba yenye watu wengi, na friji ya jikoni ni ya wote. Siku hiyo ilikuwa zamu yetu kuisafisha. Nilikuwa nakwangua ule weupe kwa mwiko, mjukuu wangu kasimama pembeni ameshika bakuli, nikamwekea kidogo kiganjani.

"Shika. Hii ndiyo sakitu ya kwetu. Asubuhi unatoka nje unaikuta imelala juu ya majani, nyeupe hivi, kama mtu kamwaga unga."

Akailamba. "Bibi, mbona haina sukari?"

Yupo binti wa Kikenya anayelala upande wa pili wa pazia letu, mlinzi wa usiku kwenye ghorofa fulani. Alikuwa amerudi kazini, anakunywa chai kabla ya kulala. Akacheka.

"Shosho, usidanganye mtoto. Baridi ya ukweli iko kwetu Kinangop. Inachoma viazi usiku mmoja, asubuhi shamba ni jeusi kama limemwagiwa maji moto."

"Kwetu inachoma viazi na inachoma nyasi," nikamwambia. "Halafu inauachia upepo. Na upepo unauachia moto."

"Basi mmeshinda. Chukueni kikombe."

Tukacheka wote. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila hili kwetu, kule juu kabisa kwenye milima ya Njombe, hakuna asiyelijua. Sakitu haiui mti. Inaua nyasi zilizo chini ya mti, nyasi zinakauka zinakuwa kama karatasi. Ikifika Septemba unakuja upepo. Hapo anatosha mrina asali mmoja kuacha kijinga chake porini, na moto kichaa umeshazaliwa.

Jioni yake binti yangu aliporudi kutoka hotelini anakofanya usafi, akanifungulia sauti iliyotumwa kwenye kundi la watu wa kijijini. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji anasoma taarifa ya hali ya hewa, kwa ile sauti yake ya mkutano wa hadhara. Sakitu itaendelea kwenye miinuko. Upepo mkali utaanza mwishoni mwa juma. Hatari ya moto ni kubwa, kila kaya ikalime barabara ya moto siku ya Alhamisi.

Barabara ya moto haipiti gari. Ni ukanda unaolimwa kati ya miti na pori mpaka ubaki udongo mtupu, ili moto ukifika ukose cha kula.

Niliomba sauti ile irudiwe. Binti yangu akanitazama tu, akairudia. Alijua ninawaza nini.

Kwetu mtoto akizaliwa, baba yake anampandia kipande cha mipaina, miti ya mbao. Kile kipande kinaitwa kwa jina la mtoto. Husikii mtu akisema anakwenda msituni, anasema nakwenda kwa fulani kuokota kuni, ng'ombe kaingia kwa fulani. Akioa au akiolewa, miti yake inakatwa, inajenga. Majina ya vipande vyote vya kijiji kile nayajua, hata vya watoto waliozaliwa mimi sijaolewa pale, na waliovikata, na waliovipanda upya. Nikikosa usingizi huku ndiyo tasbihi yangu, naanza na kipande cha mtoni napanda nayo juu. Siyaandiki hapa. Jina la mtu aliyelala halirushwirushwi kwenye karatasi.

Kipande cha mwanangu wa kwanza kilikuwa hakijakatwa. Alikwenda kuchimba dhahabu mbali, shimo likamfukia na wenzake, hawakutolewa. Waliturudishia begi la nguo. Kaburi hatuna. Wanunuzi wa mbao walikuja na misumeno yao mara nyingi, miti imenyooka, imenenepa, wakamwambia mzee wangu ataje bei mwenyewe. Akawa anawapa kiti, anawapa pombe ya ulanzi, kisha anawaambia mwenye miti hayupo, mpaka aje. Nilipotaka kulia nilikwenda pale. Kila siku ya Mungu palikuwa na mtu anayepita akisema natoka kwa, na jina la mwanangu. Hilo ndilo lililonifanya niweze kupanda ndege na kuja kulea mjukuu. Nilijua nyuma yangu jina linatajwa.

Nikampigia mzee wangu.

"Baba watoto, umeisikia taarifa?"

"Nimeisikia. Jembe nimeshalinoa. Alhamisi kijiji kizima."

"Anza kwa mwanao."

"Nianze wapi kwingine, mama watoto? Umekwenda Uarabuni unadhani nimekuwa mgeni?"

Jumatano kijijini akafa mtu, bibi mmoja mtu mzima, mwenzangu, tuliyecheza naye ngoma usichana wetu. Na kwetu maiti ikiwa ndani hakuna anayeshika jembe. Si la kulima, si la kufyekea njia. Jembe linalogusa udongo siku hizo ni la kaburi peke yake. Wajukuu wake walikuwa Dar es Salaam, wakasubiriwa, maziko yakapangwa Jumamosi.

Binti yangu alizunguka chumbani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. "Baba angelima tu! Angeamka alfajiri, nani angemwona?"

"Mungu angemwona. Na yule bibi."

"Mama, yule bibi amekufa!"

"Ndiyo maana anaona."

"Haya. Upepo nao utasubiri wafike kutoka Dar?"

Nilikuwa namjua mzee wangu. Atakaa msibani kwenye jamvi na wanaume wenzake, jembe lake limenolewa limeegemea ukuta nyumbani, na kila tawi likitikisika juu ya paa atanyanyua uso. Hakuna mtu kijijini pale ambaye hakunyanyua uso siku zile. Wote wakakaa. Nami ningekaa.

Ijumaa huku kulipoa. Joto lilikuwa limeanza kuvunjika, upepo ukapita kati ya maghorofa, watu wakashuka chini na viti na watoto, Wahindi, Wapakistani, Wamisri, kila mmoja anamshukuru Mungu kwa lugha yake. Mjukuu wangu akapanua mikono, gauni likajaa upepo. "Bibi, yalla, panua na wewe!" Nikapanua. Moyo ulikuwa umenikauka.

Simu ya mzee ilikuja Jumamosi asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi.

"Tumeshazika, alfajiri," akasema. Alianza na hilo. Kisha akakohoa.

"Niambie."

"Ulitokea juu, jana baada ya saa sita. Tulitoka msibani wote, wanaume kwa wanawake, tukaupiga kwa matawi mabichi. Ukatushinda." Akaanza kunitajia vipande vilivyoungua, kwa majina. Kila jina nilimwitikia, "Ehe," kama unavyomwitikia mtu anayekuhesabia wafu. Alipofika cha jirani yetu wa juu, akasimama. Kinachofuata ni cha mwanetu. Chini ya hapo ni cha huyu binti yangu, na chini ya hicho ni nyumba.

"Na kwa mwanetu?"

"Mama watoto."

"Ulifika?"

"Haukufika." Nikashusha pumzi. Akasema, "Haukufika, kwa sababu niliuwahi. Niliwasha mwenyewe."

Nilielewa kabla hajamaliza. Moto ukishawashinda watu, dawa yake ni moto. Unasimama kwenye njia, unawasha upande unakotoka upepo, moto wako unapanda kwenda kukutana na ule mkubwa, ukifika unakuta pameshaliwa, unakufa. Kwetu njia hiyo ni ya miguu, inapita kati ya miti ya mwanangu na ya binti yangu. Na miti ya mtu haiwashwi na mwingine. Mwenyekiti alimpa kijinga, watu wakarudi nyuma, wakamwacha.

"Niliwaza nimwachie Mungu," akasema. "Halafu nikaziona nyumba. Nikamwita jina lake, nikamwomba anipishe. Nikawasha."

Nilitafuta neno la kumwambia mume wangu. Lililotoka ni, "Umekula?"

"Wameniletea ugali."

"Kula basi. Na miguu uiloweke."

Kwetu habari kama hiyo ikikufika unatoka uani unapiga yowe, wanakuja wenzako wanakushika. Hapa ukipiga yowe anaitwa msimamizi wa jengo. Nikakaa kitandani na kanga mdomoni. Yule binti wa Kikenya ndiyo kwanza alikuwa amelala. Nikasikia pazia linavutwa.

"Shosho, toa hiyo leso mdomoni."

"Lala, mwanangu. Umekesha."

"Nitalala kesho. Lia. Akija mtu kuuliza nitamwambia ni mimi."

Akanishika mabega. Nikalia, nikaliita jina la mwanangu kwa nguvu, katika nyumba ambamo hakuna aliyemjua.

Sasa Oktoba inakwisha. Watu wa hali ya hewa wanasema mvua kwetu zitawahi mwaka huu. Juzi mzee amepiga tena. Anasema sasa watu wakipita pale wanasema penye majivu. Wengine wanasema palipoungua. Jina wanalisahau, au wanaogopa kumtonesha.

"Miche ninayo tayari," akasema. "Nilikuwa nawaza mjukuu. Kazaliwa huko, hana hata mti mmoja, na ardhi nyingine hatuna. Tumpandie pale."

Ni sawa. Mtu yeyote mwenye akili angesema ni sawa. Lakini ukipanda mti wa mtoto, mahali pale panachukua jina la mtoto. Pangeitwa kwake, mchana na jioni, miaka yote, na lile la kwanza likaenda na moshi.

Mjukuu alikuwa amepakatwa na mimi, amesikia yote, maana mzee anaongea kwa kelele kwenye simu. "Babu, nipandie mimi! Mingi!"

Mzee akacheka kidogo. "Mama watoto, unasemaje?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Ngoja mvua inyeshe, majivu yaingie chini."

"Ukingoja sana miche itazeeka."

"Najua."

Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Nikasikia upepo wa kule unavuma kwenye simu, unapita mahali ambapo zamani ulikuwa unagonga miti.