Zamu ya Nusu

Stendi nzima wanamwita Nusu, na si kwa ufupi wake. Nchi hii anaijua nusu tu. Basi lake lina madereva wawili. Yeye analitoa mjini asubuhi, anavuka tambarare ya nyasi, anavuka nchi kavu ya miiba na vumbi jekundu mpaka kituo cha mafuta cha njia panda. Hapo anamwachia mwenzake, anajitupa kwenye kijitanda nyuma ya usukani na kuvuta pazia. Msitu, milima, maporomoko, ziwa, vyote vinampita akikoroma. Kurudi ni hivyo hivyo.

Mkewe anawakatia tiketi abiria wanaogonga kioo cha dirisha lake hapo hapo stendi, na yeye kwao ni huko ziwani. Hata siku ya kujitambulisha ukweni, bwana alifika amelala.

"Kwetu umepita mara ngapi?" mkewe alimuuliza siku moja, amelowesha miguu kwenye beseni baada ya kusimama dirishani kutwa.

"Hazihesabiki."

"Umeona nini?"

"Pazia."

Kisha ikatangazwa kuwa barabara mpya ya chini inafunguliwa mwezi ujao, na ile ya juu, inayopita kwenye maporomoko, inafungwa. Mama tiketi alitoa mabegi mawili ya mgongoni, akayaweka mlangoni.

"Omba likizo," alisema. "Utotoni nikiyaona yale maji najua nimefika nyumbani. Nataka tuyaone wote, hata mara moja."

Wakaondoka, kituo kwa kituo. Walilala gesti yenye godoro lililobonyea katikati, wakaamka migongo imepinda. Wakapanda kilima cha mawe huku mikanda ya mabegi ikiwakata mabega. Baadaye wakalidaka basi lake Nusu mwenyewe, likiendeshwa na dereva wa muda. Huko nako hakupumzika. Kila kona mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo.

"Huyu anaua klachi," alinong'ona.

"Umekuja kutembea au kukagua?"

Njia panda, mwenzake wa siku zote akapanda kushika usukani. "Shemeji, mfunge kamba huyo," alisema.

"Leo halali, shemeji. Nimempa kahawa."

Kiti cha dereva kikalia ng'weee kikisogezwa mbele. Kelele hiyo tu, kichwa cha Nusu kikaanguka begani kwa mkewe kama kiroba.

Alimfinya. Akamvuta sikio. Akammwagia maji shingoni, yakateremka mpaka kiunoni. Wapi. Msitu ukaanza na kuisha, ukungu ukashuka, baridi ikaingia dirishani. Kona za kwanza za mlima zilipoanza, mama tiketi alikisukuma kile kichwa, kikarudi pale pale. Safari yote ile, mabega yote yale, halafu mtu analala.

"Shemeji," aliita mbele, "wewe huwa unamwamshaje?"

"Maneno mawili tu. Lakini nikiyasema halali tena mpaka mwisho wa safari. Ndivyo alivyo."

"Yaseme."

Dereva akapunguza mwendo kwenye kona. Akasema taratibu, kama anayeomba kiberiti:

"Zamu yako."

Nusu akashtuka akakaa wima. Mguu ukatafuta breki, mikono ikakamata usukani, na usukani wenyewe ulikuwa kofia ya abiria wa mbele, yenye kichwa ndani.

"Kata kulia basi, dereva," alisema mwenye kofia. Basi zima likacheka.

Ndipo akainua macho. Maji meupe yalikuwa yanamwagika kutoka juu ya jabali, marefu mpaka mwisho wake hauonekani, na mvuke wake ukilowesha vioo. Kofia hakuiachia.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Mbona yana kelele hivi, na sijawahi kuyasikia?"

"Ulikuwa unayashinda."

Nusu aliyageukia mpaka kona ikayaficha, halafu akaendelea kutazama pale pale yalipokuwa.

Mama tiketi akaegemea begi. Uchovu wote aliokuwa ameuweka kando ulimrudia kwa pamoja, kuanzia nyayoni.

"Kwa kuwa wewe hulali tena," alisema, macho yameshafumba, "tukifika ziwani niamshe."

"Nikuamsheje?"

"Gonga kioo mara mbili. Nitaamka nikuulize unakwenda wapi."